Mwalimu, Bonyeza B

Jumapili iliyopita usiku mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinitumia faili kwenye WhatsApp. Yuko mwaka wa pili chuoni, anasoma Kiswahili na Historia, anataka kuwa mwalimu. Chini ya faili aliandika: "Kaka, naomba unieleweshe hii, mtihani umekaribia." Nikalifungua. Slaidi 38 kuhusu Kinjeketile, ile tamthiliya ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Slaidi ya kwanza ina jina la kozi. Ya pili ina maana ya tamthiliya. Ya tatu ina maana ya tamthiliya kwa mujibu wa mtaalamu mwingine. Ya nne ina sifa za tamthiliya, kuanzia (i) mpaka (ix). Kinjeketile mwenyewe anaingia jukwaani slaidi ya kumi na moja, na anaingia akiwa kidoti cheusi: "Mhusika mkuu. Ni jasiri. Ana msimamo. Anafaa kuigwa na jamii."

Nikampigia simu. "Kitabu chenyewe umekisoma?"

Kimya kidogo. "Kaka, si ndo hiki?"

Sikumcheka, na naomba msomaji naye asimcheke. Mimi mwenyewe nimehitimu hivyohivyo. Kozi ya riwaya tulipangiwa vitabu vinne, nikasoma viwili, na vile viwili nilivyovipita kwa madesa ndivyo vilivyonipa alama nzuri zaidi. Nagona ya Kezilahabi nilikuja kuisoma miaka mitano baada ya kuifanyia mtihani. Nilipofika katikati niliweka kitabu kifuani nikatazama dari: kumbe hiki ndicho nilichokijibia maswali? Nadhani si mimi peke yangu. Kati yetu tunaojiita wapenzi wa fasihi humu mitandaoni, wapo wengi wenye vitabu kama hivyo, vitabu tunavyovijua "dhamira" zake na hatujawahi kuvishika mkononi.

Kwa hiyo nitasema ninachotaka kusema bila kuzunguka. Jinsi tunavyofundisha fasihi kwa slaidi inaharibu hichohicho mwanafunzi alichokuja kukisoma. Na kuliita jambo hili maendeleo, eti kwa sababu lina waya na taa, ni kujidanganya.

Hebu tuangalie Kinjeketile amefanywa nini. Slaidi ya 19 ina kichwa "Dhamira", na chini yake vidoti vitano: umoja na mshikamano, ukombozi, imani potofu, nafasi ya mwanamke, usaliti. Slaidi ya 20, "Ujumbe", inasema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Kidoti kinachofuata kinasema imani za kishirikina hurudisha nyuma maendeleo. Vimekaa hivyo, kimoja juu ya kingine, kama mitungi miwili rafuni. Aliyeviandika hakuona shida yoyote, na anayevikariri hatoona.

Lakini vidoti hivyo viwili vinagombana, na ugomvi wao ndiyo tamthiliya yenyewe. Katika mchezo ule umoja unatoka wapi? Unatoka kwenye maji. Makabila yaliyokuwa hayapiki chungu kimoja yanakaa pamoja kwa sababu mtu mmoja amezama mtoni, amekaa huko mpaka watu wamekata tamaa, kisha ameibuka na habari kwamba kuna maji yatakayozuia risasi za Mjerumani. Ondoa hiyo "imani potofu" uone umoja utabaki wapi. Iache, na watu wanatembea wazima wazima kuelekea kwenye bunduki. Hussein anatuweka hapo na hatuachii. Halafu anakaza kamba zaidi: Kinjeketile anapozinduka na kuambiwa maneno aliyoyatamka akiwa amepandisha, anasikia kwamba alisema watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anashtuka. Tumfukuze Mjerumani ili tuwe wa Sultani? Ni nani aliyesema kwa kinywa changu? Tangu hapo yule aliyeleta neno ndiye mtu anayelishuku kuliko wote, na watu hawataki kusikia shaka yake, wameshalipenda neno, linawatosha. Vita inaanza kabla yeye hajawa tayari. Mwishoni yuko mikononi mwa askari, amepigwa, na anachotakiwa kufanya ni kusema sentensi moja tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Mtu mwenye mashaka kuliko wote anakataa kuisema. Anawafikiria watoto watakaokuja kusimuliwa habari hii.

Slaidi ya kumi na moja inasema: "Ana msimamo."

Nimekaa na maneno hayo mawili wiki nzima. Si ya uongo, ukiyatazama. Ila mtu aliyeyasoma na asisome mchezo ameibiwa, na hajui kwamba ameibiwa, tena mwizi ni yule aliyepewa kazi ya kumkabidhi mali. Kidoti hakijui kusema "lakini". Hakijui kusema "ingawa", wala "kumbe", wala "kwa sababu hiyohiyo". Kinaweka jambo, kinanyamaza, kinaweka lingine. Orodha ya sokoni inakwenda hivyo na inatosha: vitunguu, nyanya, mafuta. Fasihi inakaa ndani ya hayo maneno madogo ya kuunganisha yanayotupwa ili sentensi ienee kwenye mstari mmoja.

Wala hili si ajabu ukijua chombo chenyewe kilizaliwa wapi. PowerPoint ilitengenezwa na kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought. Wazo lilikuwa la Robert Gaskins, na Dennis Austin ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kuiandika programu. Ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya kompyuta za Macintosh, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni kwa dola milioni 14. Ilikusudiwa watu wa ofisini, mameneja na wauzaji waliokuwa wakitumia karatasi angavu za plastiki kwenye mashine ya mwanga ili kumshawishi bosi au mteja. Mtu anasimama mbele ya watu wachache, anataka wakubali kitu fulani kabla ya chakula cha mchana. Kwa kazi hiyo vidoti vinafaa kabisa, kwa sababu muuzaji hataki useme "lakini". Sisi tukalichukua jukwaa hilo la kuuzia tukalipeleka darasani, tukamweka Kinjeketile juu yake, tukashangaa anafanana na bidhaa.

Mwaka 2000 Peter Norvig, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alifanya mzaha unaostahili kuonyeshwa katika kila chuo cha ualimu. Aliichukua hotuba ya Abraham Lincoln ya Gettysburg ya mwaka 1863, hotuba fupi mno, dakika chache tu, akaigeuza slaidi. Ikapata ajenda, ikapata vidoti, ikapata hata grafu. Hakuna hoja iliyopotea, na hakuna kilichobaki. Watu walicheka. Mimi nilipoiona sikucheka sana, ilifanana mno na mihadhara niliyoilipia ada.

Na kuna pahala ambapo mambo haya hayachekeshi hata kidogo. Chombo cha angani Columbia kiliporushwa Januari 2003, kipande cha povu kilichomoka kwenye tangi la mafuta kikagonga bawa. Kikiwa bado angani, wahandisi walipewa kazi ya kukadiria hatari, na walileta matokeo yao kwa slaidi. Katika slaidi moja, chini kabisa, kwenye ngazi ya mwisho ya vidoti vidogo, kulikuwa na habari kwamba kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na ukubwa wa zaidi ya mara 600 ya vile vilivyotumika katika majaribio. Yaani majaribio waliyoyategemea hayakuhusu kabisa jambo lililotokea. Kichwa cha slaidi hakikusema hivyo. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirudi duniani na watu wote saba waliokuwemo walikufa. Tume ya uchunguzi, katika ripoti yake ya mwaka huo, iliikosoa tabia ya kutumia slaidi badala ya ripoti za kiufundi zilizoandikwa, na Edward Tufte, profesa wa Yale aliyebobea katika namna ya kuonyesha takwimu, akaichambua slaidi ile mstari kwa mstari. Sisemi kwamba slaidi ndizo zilizoiangusha Columbia. Nasema kwamba watu wenye akili nyingi kuliko mimi, na maisha ya wenzao mikononi, waliitazama slaidi wasione kitu muhimu kuliko vyote, kwa sababu umbo lake lilikizika.

Turudi darasani. Mnajua wote inavyokuwa. Mhadhiri anaingia, anachomeka waya, anahangaika na rangi ya buluu ukutani kwa dakika kumi, siara anakimbia kutafuta waya mwingine. Picha inatokea. Mhadhiri anageuka, anatupa mgongo, anaanza kusoma kilichoandikwa. Anakisoma neno kwa neno. Sisi nasi tunakisoma, na kwa kuwa jicho lina mbio kuliko mdomo, tunamaliza kabla yake, kisha tunamsubiri. Kule nyuma watu wananyanyua simu wanapiga picha ukuta. Mwisho wa kipindi kuna sauti moja tu inayosikika: "Mwalimu, utatutumia slaidi?"

Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, ametumia miaka mingi kupima jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha pamoja. Moja ya mambo aliyoyakuta linaudhi watu wa slaidi: mtu akitazama picha huku akisikiliza maelezo anaelewa vizuri zaidi kuliko akitazama picha, akasikiliza maelezo, na maelezo hayohayo yakaandikwa hapo ukutani. Ukiongeza maandishi, unapunguza. Macho na masikio yanapigania neno lilelile. Bibi yangu, ambaye hakumaliza darasa la nne, angekwambia hivyohivyo: watu wawili hawakusimulii hadithi moja kwa wakati mmoja ukaishika. Angekufukuza na jikoni pia.

Sasa najua mtakayosema, maana nimeyasikia kwa marafiki zangu waliobaki chuoni kufundisha, na wao si watu wavivu.

La kwanza ni idadi. Ukumbi una wanafunzi 400, wengine wamekaa sakafuni, spika inakwaruza, maandishi ya ubaoni hayasomeki kuanzia safu ya kumi. Slaidi inaonekana mpaka nyuma. Ni kweli, sibishi. Ila inayoonekana mpaka nyuma ni slaidi yenye mistari mitatu. Ile yenye mistari kumi na nne ya herufi ndogo haionekani hata safu ya tano, na mhadhiri anajua, ndiyo maana kila mara anasema "najua hamuoni vizuri, lakini..." Mwalimu wangu, kama unajua hatuoni, umeiweka ya nini?

La pili ni vitabu. Maktaba ina nakala tatu za kitabu, moja imechanika, moja ameichukua mtu aliyehitimu. Mwanafunzi hana hela. Slaidi angalau zinamfikia kila mtu mwenye simu. Hoja hii inaniuma kwa sababu ina huruma ndani yake, na nusu yake naikubali. Lakini tupige hesabu. Mdogo wangu hana kompyuta, anaprinti. Shilingi mia kwa ukurasa, slaidi 38, hiyo ni 3,800. Kozi ina faili kama kumi na mbili za namna hiyo, jumla 45,600, kwa kozi moja. Mwenye steshenari nje ya geti anajenga. Kinjeketile ni kitabu chembamba, unakimaliza alasiri moja ukiwa na kikombe cha chai. Kwa nusu ya pesa hizo watu wa chumba kimoja wangekuwa na rafu. Hatuwaambii hivyo kwa sababu sisi wenyewe tumeshawafundisha kwamba kitabu si lazima.

Na kama kweli nia ni kuwapa kitu cha kusoma wasio na kitabu, basi waandikie. Andika kurasa nne za maelezo kamili, zenye aya, zenye "lakini" na "kwa sababu". Jeff Bezos, ambaye sina haja ya kumsifu kwa lolote lingine hapa, mwaka 2004 alipiga marufuku PowerPoint katika mikutano ya wakubwa wa Amazon, akataka mtu aandike waraka wa sentensi kamili, na mkutano unaanza kwa wote kuusoma kimya. Wafanyabiashara wenyewe, wenye mali, wameanza kukikimbia chombo chao. Sisi ndio tunakikumbatia.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: tunapimwa. Katika chuo nilichosoma fomu ya kumtathmini mhadhiri ilikuwa na kipengele cha matumizi ya TEHAMA. Haikuwa na kipengele kinachouliza kama umewahi kusikia sauti ya mhadhiri akisoma ukurasa mmoja wa kitabu anachofundisha. Mhadhiri kijana anayetaka kupanda cheo anafanya nini? Anaandaa slaidi. Hili silimlaumu yeye.

Nilipokuwa mwaka wa tatu umeme ulikatika katikati ya mhadhara wa ushairi. Ilikuwa mihula ile ya mgao, tumezoea. Mhadhiri alisimama gizani kidogo, akautazama ukuta mtupu, akafunga kompyuta yake akasema tutaonana wiki ijayo. Tulishangilia, nakiri. Tukatoka kwenda kupiga soga chini ya mti. Ila nimelikumbuka jambo hilo mara nyingi tangu nianze kazi ya uandishi. Lilikuwa somo la ushairi wa Kiswahili! Ushairi ambao ulighaniwa barazani na jikoni karne kadhaa kabla hajazaliwa aliyevumbua balbu. Hakuna somo duniani lisilohitaji umeme kama lile. Na mtu aliyelisomea mpaka shahada ya tatu hakuwa na shairi hata moja kichwani la kutusomea gizani. Au alikuwa nalo, hakudhani kwamba ndiyo kazi yake.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema tutupe projekta turudi kwenye chaki. Wapo wanaosema hivyo na siwaungi mkono, kwa sababu ya mwalimu mmoja.

Alitufundisha tenzi. Mama wa makamo, mkali, hakupenda tuchelewe. Siku ya Utendi wa Mwana Kupona alikuja na slaidi mbili. Nasema mbili. Ya kwanza ilikuwa picha ya ukurasa wa hati ya zamani, herufi za Kiarabu, wino umefifia. Hakuna neno lingine. Akatuacha tuitazame, dakika nzima, mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha akauliza: "Mnaona nini pale pembeni?" Hakuna aliyejua kusoma hati ile isipokuwa wanafunzi wanne watano waliopita madrasa, na hata wao walisita. Lakini wote tuliona: upande wa kushoto, ambako mstari unaishia, umbo lilelile lilikuwa linarudi, mstari kwa mstari, kutoka juu mpaka chini. Ilikuwa ile "-ya" ya mwisho, kina kinachofunga kila ubeti wa utendi mzima, beti 100 na ushee. Nilikuwa nimekariri tangu sekondari kwamba utenzi una kina cha bahari. Siku hiyo nilikiona, kimesimama kama ukingo wa nguo.

Halafu akabonyeza kitu na ukuta ukawa mweusi. Tukadhani umeme. Hapana. Ukiwa unaonyesha slaidi, bonyeza B kwenye kibodi, picha inazimika. Bonyeza tena, inarudi. Basi. Miaka yote ile ya kukaa kwenye kumbi sijawahi kumwona mwingine akitumia kitufe hicho. Katika giza lile akatuambia tuweke kalamu chini, akaanza kughani. Sauti yake haikuwa nzuri, nadhani alikuwa na mafua. Mwanamke wa Lamu, mgonjwa, katikati ya karne ya kumi na tisa, anamwita binti yake aje karibu na wino na karatasi, ana neno la kumwachia kabla hajaondoka duniani. Nilikuwa nalijua hilo shairi kama kidoti: "Nafasi ya mwanamke: mtiifu kwa mume." Na utiifu umo, hakuna anayeuficha, beti baada ya beti, unakera. Ila kwa dakika zile nilisikia mama anayekufa, anayemkabidhi mtoto wa kike ramani ya kuishi ndani ya nyumba za wanaume, kwa sababu nyumba nyingine hazipo. Msichana mmoja safu ya mbele alikuwa anafuta macho. Mwingine, huyu nakumbuka vizuri, alikuwa amekasirika, na mwalimu alipomaliza alinyoosha mkono akasema mama huyu alimfunga mwanawe minyororo. Wakabishana na yule aliyelia. Tukagawanyika ukumbi mzima. Kipindi kiliisha tukiwa bado tunabishana, na hakuna aliyeomba atumiwe slaidi.

Slaidi ya pili ilikuwa ya wiki iliyofuata: beti tatu tu, herufi kubwa, hakuna kichwa, hakuna nembo ya chuo. Tukapiga makofi kuhesabu mizani, minane kila kipande, mpaka tukafika kipande kilichotoka na saba. Hapo tukabishana tena, kama aliyenakili alikosea au sisi ndio hatujui kutamka Kiamu.

Kwa hiyo projekta haina kosa. Kuna vitu haiwezi kushindwa na mdomo: ukurasa wa hati, ramani inayoonyesha Siyu iko wapi na Lamu iko wapi, picha ya jukwaa, shairi lenyewe likiwa zima ili macho 400 yalitazame kwa pamoja. Weka hicho. Weka kitu ambacho usipokionyesha hatuwezi kukiona, kisha nyamaza, kisha bonyeza B utazamwe wewe. Yale unayotaka kuyasema, yaseme. Kama huwezi kuyasema bila kuyasoma ukutani, basi hujawa tayari kuyafundisha, na sisi tutajua, wanafunzi hujua siku ya kwanza. Na tafadhali, ondoa slaidi ya "maana ya tamthiliya kwa mujibu wa". Mtu ambaye hajaona tamthiliya hafaidiki na maana tano za tamthiliya. Mpe ukurasa, asimame na wenzake watatu mbele ya darasa, wausome kwa sauti, mmoja Kinjeketile, mmoja Kitunda. Hata wakisoma vibaya.

Hicho ndicho nilichomwambia mdogo wangu. Nilimtumia hela ya kitabu, akakipata kwa muuza vitabu vya mitumba, nakala yenye maandishi ya penseli ya mtu wa zamani pembeni. Jumatano walikisoma chumbani, wasichana wanne, kwa kupokezana, mpaka mwenzao mmoja anayesoma Uhasibu akawaambia wapunguze sauti, kisha akaja kukaa nao. Saa tano usiku simu ikaita.

"Kaka, kwa nini alisema watakuwa watoto wa Seyyid Said?"

Nikamwambia mimi sijui, yeye anaonaje. Akaongea dakika ishirini. Alikuwa amewaza kwamba labda neno likishatoka mdomoni mwa mtu linakuwa si lake tena, na kwamba pengine Kinjeketile alikataa kulikana kwa sababu halikuwa lake kulikana. Hakuna slaidi yoyote kati ya 38 iliyokaribia hapo. Nilikuwa nimesimama barazani, mbu wananila, sikutaka akate.

Mwishoni akanyamaza, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. Mtihani wa mwaka jana swali lilikuwa "Jadili dhamira tano zinazojitokeza". Mhadhiri ni yuleyule. Wanaosahihisha wana mwongozo, na mwongozo umetoka kwenye slaidi. "Sasa kaka, niandike lipi? Ya slaidi au hii yangu?"

Nikamwambia aanze na vile vidoti vitano, avimalize, kisha kama muda utabaki aandike la kwake. Sijivunii jibu hilo. Anategemea mkopo, na akipata supu atakosa nafasi ya kwenda mazoezi ya kufundisha na wenzake. Akasema sawa kaka, ahsante, usiku mwema.

Mtihani ni Alhamisi.